Nilivyotoka ualimu nikawa mnasihi wa watu wepesi wa kuhisi

Nilipokuwa mwalimu wa malezi Temeke, watoto wengi walioletwa kwangu walikuwa na jina tayari: mdekaji, jeuri, mtundu. Binti mmoja wa darasa la tatu alikuwa akiziba masikio kengele ikigongwa, na mvua ikipiga bati anaingia chini ya dawati. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, karibu kabisa na dirisha lake. Tulimhamishia upande wa pili wa darasa, na kulia kukapungua sana. Nikaona hii ndiyo kazi ninayoitaka.

Nilisomea ushauri nasaha jioni, baada ya vipindi, ada nikilipa kidogo kidogo kwa pesa za upatu. Nadharia haikunisumbua. Kilichokuwa kigumu ni mafunzo kwa vitendo, maana sisi walimu tumezoea kutoa majibu. Msimamizi wangu kila baada ya kikao aliniuliza: "Ulimsikiliza au ulimfundisha?"

Usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano, tuliugusa kwa haraka, na wepesi wa kuhisi, yaani mtu kuguswa na kuchoshwa na sauti, mwanga au hisia haraka kuliko wengine, haukutajwa kabisa, nikalazimika kujisomea. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuuandikia miaka ya 1990, akikadiria kwamba asilimia 15 hadi 20 ya watu wako hivyo. Ni maumbile, si ugonjwa. Usonji ni jambo jingine, ingawa nao huweza kumfanya mtu ateswe na sauti, mwanga au kitambaa cha nguo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 uliliingiza hilo kwenye vigezo vyake. Kwa hiyo mtoto anayeziba masikio simbandiki jina. Utambuzi ni kazi ya daktari, na nikiona haja namwandikia mzazi barua ya kwenda Muhimbili.

Chumba changu hakina feni inayolia, na kazini sijipulizii manukato. Watu wazima nao huja. "Dada, nikitoka harusini nalala siku nzima." Simwambii avumilie. Tunapanga akae mbali na spika, atoke nje kupunga upepo, aage mapema bila kumvunjia heshima mwenye shughuli.

Wazazi ndio wenye mashaka zaidi. Baba mmoja aliniambia, "Mwalimu, mtamdekeza huyu." Nikamwuliza yeye akirudi kazini anataka nini. Akasema hataki kusemeshwa mpaka aoge na anywe chai. Tukaanzia hapo.