Kadi ina sahihi, lakini jua je?

Jana mwanangu kaja na simu mbili mkononi, yake na ya mama yake, maana tumehamia nyumba mpya na tulikuwa tunatafuta kibla tutandike miswala, sasa simu moja inasema huku nyingine inasema kule. Hapa Dar kibla wala haina shida, Makka iko karibu longitudo ileile na sisi, unaelekea kaskazini halisi tu, tofauti yake kama digrii moja hivi. Nikamwambia toa kwanza kava, lile la mama yake lina sumaku ya kufungia. Katoa, simu zikasogeleana, ila bado zikapishana kidogo, kumbe moja imesetiwa kaskazini halisi na nyingine kaskazini ya sumaku. "Sasa baba, kaskazini ziko ngapi?"

Tatu: halisi, ya sumaku, na ile inayoonyeshwa na dira ya meli. Akadhani namtania.

Enzi zile za ukadeti, nikijifunza uofisa wa meli, kwenye meli moja ndogo, tulipakia koili za chuma Durban tunarudi Dar. Holdi, vyumba vya mzigo, zote chuma tupu. Safari yenyewe sina la kusimulia, chakula kibaya na serahangi aliumwa jino njia nzima. Ninachokumbuka ni jioni moja katikati ya Mlango wa Msumbiji, mwezi wa sita mwishoni.

Zamu ya saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku ni ya chifu meti, ofisa wa kwanza chini ya nahodha, na mimi ndo kadeti wake. Mtu wa Tanga, mzoefu, hapendi maneno mengi. Kazi yangu kila jioni ni kupima kosa la dira, kwa kulinganisha upande wa jua kwenye dira na upande wake wa kweli kwa hesabu. Gairo, dira ya umeme, tulikuwa nayo ndio, na gairo haina habari na sumaku, yenyewe inatafuta kaskazini halisi kwa mzunguko wa dunia, lakini inakula umeme na umeme wa meli ile tunaujua wenyewe, ukikatika mnabaki na dira ya sumaku kule juu ya paa, ile yenye mipira miwili ya chuma kushoto na kulia, na hesabu inaanzia hapo. Unachukua kozi ya kwenye chati, unaweka veriesheni (tofauti ya kaskazini halisi na ya sumaku) unapata ya sumaku, unaweka devieshen (tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya dira) unapata ya dira, magharibi unajumlisha mashariki unatoa. Veriesheni ni mambo ya dunia, inabadilika kila unaposogea, Durban tuliondoka nayo zaidi ya ishirini magharibi na ikawa inashuka kila siku, Dar zinabaki digrii chache tu. Tena haitulii hata mahali pamoja, miaka ya 1500 Wareno walikuta pale rasi ya Agulhas dira haina kosa kabisa, leo palepale ni zaidi ya ishirini. Devieshen sasa ni ya meli yenyewe, chuma chake, na inabadilika ukigeuza pua ya meli, ndo maana fundi wa dira huja akaizungusha meli pande zote na kuandika kadi. Yetu ilibandikwa bridji, chumba cha usukani, na kwa upande tuliokuwa tunaelekea iliandika 2 mashariki. Ina sahihi na mhuri.

Nikapanda juu. Jua la kuzama hulipigi, yaani hulipimi upande lilipo, likishagusa maji, unalipiga ukingo wake wa chini ukiwa bado juu ya upeo kama nusu ya upana wake, kwa sababu hewa inalipindisha, jicho linaliona juu kuliko lilipo. Kwa hiyo nimechuchumaa, kusi inanipiga mgongoni, kipete chenye prizimu kiko juu ya kioo cha dira na namba zinacheza, 314, 319, 315, meli inalala kushoto inarudi, nangoja zitulie na jua halingoji. Redioni Chifu anauliza "Bado?" Nasema bado. Jasho na upepo ule wote. 318, 316, zikatulia 317, nikapiga kelele "Sasa!" mpaka mtu wa usukani akanisikia bila redio.

Nikashuka chini na almanaki, kitabu cha mahali pa jua na nyota. Latitudo 20 kusini, deklinesheni ya jua, yaani liko mbali kiasi gani na ikweta, 23.4 kaskazini, kikokotoo kikatoa jua linazama digrii 25 kaskazini ya magharibi, yaani 295 halisi. Veriesheni kwenye chati 15 magharibi, inakuwa 310 ya sumaku. Dira imesoma 317. Devieshen 7 magharibi! Nikarudia hesabu, ikatoka ileile.

"Kijana, ulipiga jua au ulipiga mwezi?"

"Jua, Chifu."

"Kadi ina sahihi."

"Kadi ilipigwa meli haina kitu Chifu, sasa hivi tumebeba chuma. Ni digrii tisa hizo, kila maili sitini tunatoka maili tisa na ushee."

Akaenda mwenyewe kulinganisha. Pua ya meli kwa gairo 025, kwa dira 047, wakati kwa kadi ilitakiwa isome 038. Akasema gairo nayo huwa na kosa. Ni kweli huwa nalo, ila nikamuuliza, jibu la gairo likutane na la jua digrii kwa digrii? Hakunijibu. Alikata karatasi, akaandika saba magharibi kwa penseli, akaibandika juu ya kadi, na kitabuni akaandika hivyohivyo, pembeni akaongeza "itaangaliwa".

Dar koili zikashushwa. Tukatoka kwenda Mombasa, pua ya meli karibu upande uleule, jioni nikapanda tena na kipete changu. Ikatoka 1 mashariki. Chifu akaisoma taratibu, akabandua karatasi yake, akaikunjakunja.

"Si nilikwambia kadi iko sawa?"

Na kwa jioni ile kweli ilikuwa sawa, ningebisha nini. Nilitaka kumwambia hata karatasi ilikuwa sawa, lakini zamu bado ilikuwa yake na chai yake sikuwa nimempelekea.