Eliya chini ya mretemu, na raba zako mlangoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii 1 Wafalme 18 imegoma kuniachia. Eliya anajikaza viuno, anapiga mbio mbele ya Ahabu mpaka Yezreeli. Geuza ukurasa: mtu yuleyule yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumuuliza, "Mbona juzi ulikimbia?" Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi kumgusa mara ya pili. Ndipo ikaanza safari ya Horebu, siku arobaini.

Wengi wetu tuko chini ya mti huo. Shuleni mchakamchaka ulikuwa mchezo. Ikaja kazi, wakaja watoto, kikaja kitambi. Siku unayoamua kurudi, unakimbia kilomita 5 kwa sababu kumbukumbu inasema unaziweza. Kesho yake mapaja yanauma, keshokutwa zaidi, ngazi unashuka kinyumenyume. Unasema hamu imekwisha. Hamu haijaisha, dozi ndiyo ilizidi! Pumzi hurudi mapema, kano, zile nyuzi zinazoshika misuli kwenye mifupa, huchelewa. Ndiyo maana wiki ya tatu, unapoanza kujiona mzima, ndipo kisigino au ugoko unalalamika.

Basi anza chini ya kiburi chako. Wiki mbili za kwanza tembea dakika 10, siku tatu kwa wiki, na hata ukijisikia kuendelea, rudi nyumbani. Kisha ongeza dakika 5 kila wiki. Wiki ya sita utafika 30. Hapo ndipo uongeze siku, mojamoja, mpaka tano. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima kwa wiki. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba: ukimaliza pambio zima bila kuhema, unatalii, ukishindwa kusema "Bwana ndiye mchungaji wangu" kwa pumzi moja, punguza.

Siku mbili kati ya hizo, kaa na kuinuka kitini mara 8 bila kushika popote, pumzika dakika moja, rudia. Halafu simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, kunja viwiko kisha ujisukume kurudi, mara 8. Toa pumzi unaposukuma. Kubana pumzi hupandisha presha.

Na usingoje hamu, mpendwa. Ungengoja hamu ya kuomba, ungeomba mara ngapi kwa mwezi? Hamu hufika ukiwa umeshatoka getini. Funga zoezi kwenye jambo usilolikosa: ukisema "Amina" ya asubuhi, miguu iingie kwenye raba. Ziwe mlangoni tangu usiku, soksi ndani yake, maana saa kumi na moja alfajiri anayeamua ni shuka.

Hapa niseme na wanaojificha nyuma ya 1 Timotheo 4:8. Paulo alisema mazoezi ya mwili yafaa kidogo. Hicho kidogo chenyewe unacho? Tunafunga siku tatu kuombea presha zetu, kisha tunaita bodaboda kwenda duka la mita mia tatu. Hekalu la Roho Mtakatifu tunaliimbia, hatulifagii. Na anayemcheka dada mnene akimwona barabarani na raba, aache leo. Huyo ameshainuka chini ya mretemu, wewe bado umelala.

Ukikosa siku, usifidie kwa kuzidisha kesho, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki mbili, rudi nyuma hatua moja, yaani punguza dakika 5. Mnaochoma insulini, pimeni sukari kabla ya kutoka, na mbebe glukosi mfukoni. Mwenye ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari wake. Na kifua kikibana au kichwa kikizunguka njiani, simama hapohapo, kaa chini, uite mtu akupeleke hospitali. Usimalizie mzunguko.