Cheti cha kuzaliwa ukiwa ughaibuni: usianzie ubalozini

Ubalozi wa Tanzania hautoi cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa nyumbani. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari wameshafika dirishani, nauli imeshaliwa. Cheti kinatoka kwenye daftari la vizazi, na daftari linafuata mahali ulipozaliwa, si asili ya wazazi. Mchaga aliyezaliwa Muhimbili atafutwe Ilala, hata kama alipelekwa Rombo akiwa na wiki tatu. Aliyezaliwa Unguja au Pemba asihangaike kabisa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania Bara. Kumbukumbu zake ziko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar.

Kama uliwahi kuwa na cheti, tafuta hata picha yake ya simu, maana kinachotakiwa ni namba ya ingizo, yaani namba ya kumbukumbu yako kwenye daftari. Bila namba hiyo, karani anapekua kwa mwaka na majina, na hapo ndipo miezi hupotea. Kama hukuandikishwa kabisa, utaomba usajili uliochelewa kwa vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji, vitambulisho vya wazazi. Vya zamani, vilivyoandikwa ukiwa bado mtoto, vina uzito kuliko barua ya mtendaji ya juzi.

Maombi yanafanyika kwenye eRITA, mfumo wa mtandaoni wa RITA: unafungua akaunti, unajaza, unaambatisha, unapewa kontroo namba ya kulipia. Ni tarakimu 12 zinazoanza na 99, na ina tarehe ya mwisho. Mtumie ndugu aliye nyumbani siku hiyohiyo alipe kwa simu. Atakayekuchukulia cheti mpe barua ya idhini yenye saini yako, nakala ya pasipoti yako, na aende na kitambulisho chake.

Sasa majina, maana hapa ndipo wengi hukwama. Cheti kinasema Asha Juma Ally, kitambulisho cha NIDA kina Aisha Juma Ali, pasipoti imeandika Asha J. Ali. Nyumbani hakuna anayejali. Ofisi ya ndoa ya Ulaya itakuona watu watatu. Tofauti ya herufi huweza kuelezwa kwa kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Jina jipya kabisa linataka hati ya kubadili jina, ile tunayoiita didi poli, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Ila kiapo hakigusi daftari. Ukiomba nakala mpya mwaka kesho, kosa litatoka vilevile, kwa hiyo ni heri kuomba marekebisho kwenye ingizo lenyewe kabla ya kugusa pasipoti. Angalia na tarehe: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Kwenye fomu zao andika mwezi kwa maneno pale inaporuhusiwa.

Cheti kikitoka, kisipelekwe kwenye lamineti! Mihuri ya uthibitisho hugongwa kwenye karatasi yenyewe. Kwa kawaida kinapita kwanza Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi kinakoenda. Ukiruka hatua ya kwanza, ya pili itakurudisha.

Mtoto aliyezaliwa huko ni habari nyingine. Cheti chake ni cha nchi aliyozaliwa, na hicho ndicho utakachopeleka ubalozini kumwombea pasipoti, pamoja na nyaraka za wazazi. Uingereza kuna cheti kifupi kisicho na majina ya wazazi. Hakikufai, agiza kirefu. Cha Kiarabu kutoka Ghuba kitafsiriwe na mfasiri mwenye leseni. Na mzazi ambaye naye alizaliwa nje, akawa raia kwa kurithi, aulize mapema: Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu kumrithisha uraia huo mtoto anayezaliwa nje, isipokuwa mzazi wa pili awe raia kwa njia isiyo ya kurithi.