Mialoni, mikoko na mbegu zisizojua kulala

Kila nipatapo nafasi baada ya kazi za kitaluni, siku hizi nasoma habari za mti ambao hapa Tanga wengi wetu tumeusikia kanisani tu, pale Abramu anapokwenda kukaa kwenye mialoni ya Mamre. Mialoni ni jamii kubwa, Quercus kwa jina la kitaalamu, yenye spishi zipatazo 430, na hakuna hata moja inayoota kiasili kusini mwa Jangwa la Sahara. Afrika imejaliwa chache tu, kule Moroko, Aljeria na Tunisia, ukiwamo ule unaobanduliwa gome kila baada ya miaka 9 hivi ili vitengenezwe vizibo vya chupa, nao mti ukaendelea kuishi. Aupandaye husubiri takriban miaka 25 kabla ya kubandua gome la kwanza. Sisi tunaopanda mikoko huulizwa baada ya miezi sita kama mradi umeleta mafanikio.

Kilichonivuta ni ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na bustani ya miti ya Morton Arboretum, iliyoko jimbo la Illinois nchini Marekani, kwa kushirikiana na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Spishi 430 zilipitiwa moja baada ya nyingine, ikakadiriwa kwamba asilimia 31 kati yake zimo katika hatari ya kutoweka. Anayeudhania mwaloni kuwa mti wa Uingereza atashangaa kuona kwamba kitovu cha wingi wake ni Meksiko, yenye spishi zipatazo 164, ikifuatwa na China, na kwamba Vietnam, nchi ambayo sikuwahi kuihusisha na mti huu, ina spishi 20 zilizo hatarini kati ya 49 hivi. Sababu zake hazina ugeni kwa mtu yeyote anayeijua Usambara: mashamba, mbao, malisho, na sasa hali ya hewa inayobadilika. Sitazirefusha hapa, maana tunazisikia kila semina.

Lililonishika zaidi ni suala la mbegu. Mbegu za mimea mingi, mtama au mahindi kwa mfano, hukaushwa, hugandishwa, zikakaa miaka mingi bila kufa, na ndivyo inavyofanya benki ya mbegu ya bustani ya mimea ya Kew huko Wakehurst, kusini mwa Uingereza, ambako huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kokwa ya mwaloni haikubali. Ikikaushwa inakufa, na ikigandishwa pamoja na maji yake inakufa vilevile, kwa kuwa chembe za barafu huziharibu seli zake. Ukiiweka mahali penye ubaridi na unyevu unaweza kuivusha kwa miezi kadhaa, lakini za baadhi ya spishi huanza kutoa mzizi majira yaleyale zilipoanguka. Isitoshe, mialoni haizai sawasawa kila mwaka: hupita miaka ya ukata, kisha mwaka mmoja ardhi yote chini ya miti ikajaa kokwa, na mkusanyaji asiyefika katika wiki hizo hana budi kungoja upya. Akizipata, huzitia kwenye ndoo ya maji. Zinazozama huzipanda, na zinazoelea huzitupa, kwa kuwa aghalabu zimeliwa na wadudu kwa ndani au zimekwisha kukauka.

Nani asingeukumbuka ufuo wa Sahare, hapa Tanga, kwa kusoma hayo? Mbegu ya mkoko nayo haihifadhiki: huchipua ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama kijiti cha kijani, na siku inayoanguka tayari ni mche. Tunaijua kuwa imekomaa kwa pete ya manjano inayojitokeza pale kijiti kinapoungana na tunda, na isiyo na pete haichumwi hata kama mfadhili anasubiri picha. Kila moja hupapaswa kwa vidole kutoka juu hadi nchani kutafuta tundu la mdudu, kisha hulazwa kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa, hadi maji yatakapokupwa tukaingia topeni.

Kwa hiyo mwaloni huhifadhiwa ukiwa mti, ndani ya bustani, mikononi mwa watu wanaoutunza kizazi hadi kizazi. Na hapo pana mtego mwingine. Mialoni huchavushwa na upepo, na spishi zilizo karibu kinasaba huzaana kwa urahisi, hivyo kokwa iliyookotwa chini ya mti adimu katika bustani yenye mialoni ya kila aina yaweza kuwa na baba wa spishi nyingine kabisa. Ndiyo maana watafiti hufunga safari hadi kwenye misitu ya asili na kuandika, kwa kila fungu la kokwa, mti mama, mahali na tarehe. Mwaka 2022, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Big Bend huko Texas, watafiti waliukuta mti mmoja wa Quercus tardifolia, wenye urefu wa mita 9 hivi, spishi iliyodhaniwa kuwa imetoweka tangu 2011. Shina lake lilikuwa na kovu la moto na dalili za ugonjwa wa kuvu. Kwa mti mmoja wa namna hiyo, hata kokwa zikipatikana, maswali ya uzao hayaishi.

Kuhamisha miche bila kujua ilikotoka kuna gharama, nasi tunazifahamu. Kule Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia, Maesopsis eminii iliyopandwa kwa wingi ilivuka mipaka ya mashamba ikaenea msituni, hondohondo wakiisambazia mbegu. Huko California, mialoni mingi mno imeuawa tangu miaka ya 1990 na Phytophthora ramorum, ndugu wa kile kimelea cha baka chelewa kinachowatesa wakulima wa viazi wa Lushoto, nacho kilisafirishwa kwa sehemu kubwa na miche ya mapambo kutoka vitaluni.

Ndipo nilipopendekeza katika kikao cha kikundi chetu kwamba tuache kuhesabu miche peke yake, tuanze kuandika asili yake. Mzee mmoja, aliyeishi ujana wake kwa kukata boriti za mikoko, alinitazama akasema, "Mwanangu, mkoko ni mkoko, bahari ndiyo inayochagua." Sikukubaliana naye. Hata hivyo, tulipoendelea kuzungumza, ni yeye aliyeanza kutaja hori kwa hori, wapi mikoko huzaa mapema, wapi mbegu zake hutobolewa sana, na wapi mchu, aina nyingine ya mkoko, hustahimili chumvi inayoishinda miti mingine. Elimu hiyo yote haijaandikwa popote. Daftari nimekwisha kulinunua na kulichorea safu za mti mama, hori, tarehe na kama ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu. Safu ya mwisho, ya jina la atakayeurudia kila mche mwakani na mwaka utakaofuata, bado tunaibishania, kwa sababu hakuna bajeti inayomlipa mtu huyo.