Homestead, Florida: usipite tu ukikimbilia Key West

Watu karibu wote nnaowajua waliofika Homestead walifika kuweka mafuta, ndo ukweli wenyewe. Wametoka Miami wanaenda Key West, ile barabara ya kulipia ya Turnpike inaishia Florida City hapo jirani, wanashuka wanajaza tenki, wanaingia chooni, wananunua maji na chips, haoo wametokomea. Mi mwenyewe mara ya kwanza nlifanya hivohivo na nisingerudi kama sio shoga yangu tuliyesoma wote Tanga kuhamia pale na mumewe, akanipigia simu akanambia wewe na hiyo barafu yako ya Minnesota njoo Februari upumue. Nikaenda siku nne. Julai mwaka huohuo nikaenda tena, safari hii kwa ajili ya matunda tu, na mama yake shoga yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kuona wajukuu kwaiyo mengi ntakayosimulia hapa ni maneno yake Bi Mkubwa sio yangu.

Pako hivi. Homestead iko kusini kabisa mwa Florida bara, kama kilomita 50 kutoka katikati ya Miami, imegusana na Florida City mpaka hujui umetoka huku umeingia kule saa ngapi. Upande wa magharibi kuna hifadhi ya taifa ya Everglades, upande wa mashariki kuna hifadhi ya taifa ya Biscayne, katikati hapo ni mashamba, magodauni ya mboga, na makanisa yenye mabango ya Kihispania na Kihaiti. Sio mji wa kupendeza ukiupita kwenye barabara kubwa, nisikudanganye. Ingia Krome Avenue ndo utaona mji wenyewe.

Haya tuanze na Everglades maana ndo inayoleta watu. Nlikuwa nadhani ni dimbwi kubwa tu la maji yaliyosimama yananuka. Kumbe ule ni mto jamani, ila mto mpana ajabu na maji yenyewe sehemu nyingi hayapiti goti, yanateremka polepole kutoka upande wa ziwa Okeechobee kwenda baharini na juu yake zimeota nyasi zenye makali kama msumeno, ukipitisha mkono unachanika. Ndo maana wanauita mto wa nyasi. Hifadhi ilizinduliwa Desemba 1947 na rais Truman, na tangu 1979 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na ukilipia gari getini ile tiketi inadumu siku 7, kwaiyo usiharakishe kumaliza kila kitu siku moja kama wale wa mabasi.

Kitu kilichonifurahisha ni kwamba hawana hayo mambo ya misimu minne. Kuna kiangazi na kuna mvua, basi, kama nyumbani. Kiangazi ni kama Desemba mpaka Aprili na ndo wakati wa kwenda, kwasababu maji yanakauka, yanabaki madimbwi, na kila chenye pumzi kinajazana kwenye dimbwi moja. Aliyewahi kuona viboko wa Katavi mwezi wa kumi wanavyobanana kwenye tope ataelewa picha. Kule badala ya viboko ni aligeta, ndugu yake mamba, na wenyewe ndo wanachimba mashimo kwa pua na mkia, maji yakikauka kwingine yanabaki mle, samaki na ndege na kasa wote wanakuja kuomba hifadhi kwa mtu atakayewala.

Njia ya kuanzia ni Anhinga Trail, pale Royal Palm, dakika chache tu ukishaingia getini. Ni fupi, haifiki hata kilomita moja na nusu, nusu ya njia ni daraja la mbao juu ya maji, hata mtoto wa miaka mitatu anatembea. Februari nlihesabu aligeta 23 nikachoka nikaacha. Anhinga mwenyewe ni ndege wa shingo ndefu kama nyoka, anazama anachoma samaki kwa mdomo, akitoka anatandaza mabawa juani kama mtu aliyeanika kanga. Anakuacha unamsogelea, hana habari na wewe.

Sasa paking. Usicheke. Ukifika Royal Palm utakuta maturubai yamewekwa kwa ajili ya wageni wafunike magari yao, nikajua ni jua. Sio jua, ni tumbusi! Kuna tumbusi weusi pale wanapenda kutafuna mpira, waipa, mpira wa kwenye kioo, wananyofoa kama wanakula nyama choma. Mi nikajidai, nikasema dakika arobaini tu watafanya nini. Tuliporudi mmoja amekaa juu ya gari anavuta waipa, shemeji anapiga makofi na kupiga kelele na yule ndege anamwangalia tu kama mwenye nyumba anamwangalia mpangaji. Funika gari, nakwambia.

Ukiendelea na ile barabara utapita kibao kimeandikwa Rock Reef Pass, na chini yake urefu kutoka usawa wa bahari: futi 3. Tatu! Mtu amewekewa kibao cha mlima ambao kule Lushoto ni tuta la viazi tu. Lakini mle ndani ile futi moja juu au chini ndo inaamua kila kitu, hapa nyasi, pale msitu wa misonobari, mbele kidogo kisiwa cha miti minene yenye mimahogani, yote kwa tofauti ya kiwango cha maji cha kiganja tu. Kuna mti mmoja unaitwa gumbo limbo, gome lake jekundu linabanduka vipande vipande, wenyeji wanauita mti wa mtalii kwasababu unafanana na mzungu aliyeungua na jua. Hiyo utani wameutunga wenyewe, mi simo.

Mwisho wa barabara, kilomita kama 61 kutoka getini, ni Flamingo. Jaza mafuta Florida City kabla hujaingia, beba na chakula. Flamingo wenyewe, yaani heroe, usiwategemee, ni bahati mbili tatu, anayetaka heroe aende Natron. Ila nlisimama pale kwenye gati la boti nikaona vitu viwili ambavyo sitasahau. Kimoja ni mamba, mamba kweli, pua nyembamba na rangi ya kijivu, amelala mita chache na aligeta mwenye pua pana kama koleo, na kusini mwa Florida ndo mahali pekee duniani hao wawili wanaishi pamoja porini. Kingine ni nguva. Alipandisha pua akavuta pumzi fyuuu akazama. Bibi yangu alikuwa anatusimulia nguva mpaka tukaogopa kuogelea, na mi niliyekulia pwani sijawahi kumuona hata siku moja, nimekuja kumuona Marekani nimevaa kapelo. Wa kule sio jamii moja kabisa na wetu wa Rufiji, mkia wake ni wa duara kama pakacha, lakini ni ukoo mmoja.

Julai hapohapo Flamingo hatukukaa dakika kumi. Mbu. Sitaki hata kuelezea. Pale kwenye ofisi ya wageni wana kipimo cha mbu cha kuchora, kinaanzia raha mpaka wazimu, na mshale ulikuwa kwenye wazimu. Bi Mkubwa alishusha kioo inchi moja, akapandisha, akasema "mwanangu, mi nimetoka kwa mbu, sijaja kutembelea mbu," tukageuza gari.

Zile boti zenye feni kubwa nyuma unazoona kwenye picha, ndani ya hifadhi kwa upande huu wa Homestead hazipo. Nenda zile za shamba la aligeta nje kidogo ya mji, zina makelele ya kukuziba masikio ila watoto wanafurahi mno. Chatu je? Wapo, tena sio wa pale, ni chatu wa Asia walioachiwa na watu waliokuwa wanafuga, wamekula wanyama wadogo mpaka sehemu zingine ukimuona sungura ushukuru, na serikali ya jimbo inawalipa watu kuwawinda. Na tukiwa kwenye habari za wageni waharibifu, na sisi tumechangia! Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yule wa bustanini kwetu unamrusha kwa jirani, alionekana Miami mwaka 2011 na ikawachukua miaka kumi kumtokomeza kwenye wilaya ile. Miaka kumi, konokono.

Haya, matunda, nlichokujia.

Kaskazini magharibi mwa Homestead kunaitwa Redland, ndo kunakolimwa vitu ambavyo sehemu nyingi za Marekani havioti. Barabarani kuelekea Everglades kuna duka linaitwa Robert Is Here, na lina hadithi nzuri. Mwaka 1959 mtoto wa miaka 6 anaitwa Robert aliwekwa barabarani na baba yake auze matango, siku nzima hakuna aliyesimama, magari yanapita hayamuoni. Kesho yake baba akaweka mabango makubwa, Robert yupo hapa, matango yakaisha. Mpaka leo jina ndo hilohilo. Ndani utakuta stafeli, matopetope, sapodila, pasheni, mapapai, na ukitaka wanakusagia milksheki, mi nlichukua ya stafeli nikanyamaza kama dakika tano. Nyuma wana makobe na mbuzi, watoto watashinda huko.

Bi Mkubwa aliposomewa bei ya stafeli aliuliza mara mbili. Afu akaanza kupiga hesabu ya mti wa uani kwake Chumbageni, mwaka una stafeli ngapi, mara dola ngapi, mpaka tunafika kwenye gari ameshakuwa tajiri. Na zile ndimu ndogo wanazoziita key lime, wanatengenezea keki na kuziandika kila ukuta, ni ndimu. Ndimu zetu hizi za kukamulia samaki. Huko Biscayne visiwani kulikuwa na familia ya watu weusi, baba anaitwa Israel Jones, alinunua kisiwa cha Porgy Key mwaka 1897 akalima hizo ndimu na mananasi, watoto wake wawili akawaita King Arthur na Sir Lancelot, na matajiri walipokuja na hela zao kutaka kujenga, yule Lancelot akagoma, akaiuzia hifadhi mwaka 1970. Kwenda visiwani unahitaji boti maana asilimia 95 ya hifadhi ni maji, lakini kwenye ofisi yao ya Convoy Point unaingia bure, kuna gati na mikoko, harufu ya mikoko maji yakitoka ni ileile ya Tanga, tulikaa pale jioni nzima bila kufanya kitu.

Pengine pa matunda ni Fruit & Spice Park, bustani ya aina mamia ya miti kutoka dunia nzima. Sheria yao: kuchuma marufuku, kilichoanguka chini kula. Sasa mlete mtu wa Tanga umwambie kilichoanguka chini ale. Bi Mkubwa alikuwa anatembea ameinama kuanzia getini.

Coral Castle, yaani kasri la matumbawe, nimekwenda, twende haraka. Mtu mmoja wa Latvia, Edward Leedskalnin, mfupi mwembamba, inasemekana mchumba wake alimkataa, akakaa kuanzia miaka ya 1920 mpaka alipofariki 1951 anachonga mawe makubwa peke yake, usiku, hataki mtu amuone, viti vya mawe, mageti ya mawe, tani zaidi ya elfu moja. Watu wanaongea habari za sumaku na majini. Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba za mawe ya matumbawe sio ajabu kiasi hicho, ila huzuni yake utaiona, vitanda vya mawe vya familia ambayo hakuwa nayo.

Kosa letu moja: tulienda Knaus Berry Farm kutafuta zile mkate tamu za mdalasini ambazo watu wanapanga foleni, Februari tukaenda Jumapili, Julai tukarudi tena. Wenye shamba ni watu wa dini, Jumapili hawafungui, na Julai ndo kabisa, wanafungua miezi ya baridi tu. Nlilipata somo mara mbili mwaka mmoja. Badala yake kula Krome Avenue, wafanyakazi wa mashamba wengi ni Wamexico na Waguatemala, kuna mahindi ya kuchoma yanapakwa pilipili na ndimu kama ya Forodhani, wao wanaongeza jibini juu, na inakubali.

Utasikia pia watu wanasema "kabla ya Andrew" na "baada ya Andrew", nikajua ni mtu. Ni kimbunga, tarehe 24 Agosti 1992, kiliusawazisha karibu mji mzima. Jirani wa shoga yangu bado anaweka maji ya kunywa kwenye madumu kila mwezi wa sita, hajui utani.

Siku ya mwisho Julai tukanunua fenesi zima barabarani, zito kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukalipasulia uani, Bi Mkubwa akaamuru mafuta ya nazi, tukapaka mikono na kisu, yeye anakata sisi tunatoa kokwa. Kokwa akazikusanya za kuchemsha. Mi nikajifanya nimenawa vizuri, nikachukua gari la kukodi kulirudisha uwanja wa ndege, na ule utomvu mnaujua. Usukani uliniganda kuanzia Homestead mpaka Miami.