Mwezi wa mishahara miwili

Nyumbani Unguja watu wengi wanaamini kwamba Uingereza unakaa kitako serikali ikakulisha. Mie ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester, nanyanyua watu, nawaogesha, nawalisha, na mshahara wangu hautoshi kodi ya nyumba na chakula cha watoto watatu. Pengo hilo linazibwa na msaada wa serikali. Siko peke yangu: wanaopokea msaada huu huku wakiwa kazini ni zaidi ya watu milioni mbili.

Zamani msaada wangu ulitoka sehemu mbili. Moja ni Tax Credits, nyongeza ya pato kwa wenye kipato kidogo na watoto, nyingine Housing Benefit, msaada wa kodi ya nyumba. Sheria ya mageuzi ya misaada ya mwaka 2012, iliyosukumwa na waziri wa wakati huo, Iain Duncan Smith, ilikusanya misaada sita ya namna hiyo ikaifanya mmoja, Universal Credit. Ilianza Aprili 2013 katika mji wa Ashton-under-Lyne, ikaenda polepole, hata wengine tukaisahau. Barua yangu ikafika kiangazi cha 2024: una miezi mitatu uombe huu mpya, la sivyo ule wa zamani unakatika. Tax Credits zenyewe zilifungwa kabisa tarehe 5 Aprili 2025.

Kuomba kwenyewe hakukunishinda. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa raia, wana huduma ya bure ya kukushika mkono mpaka upate malipo ya kwanza, na bahati nilipangiwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Aliposikia jina langu akanisalimia kwa Kiswahili, tukamaliza kila kitu kwa Kiswahili. Leicester ina mambo yake.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya wiki tano. Ukiomba leo, wanakuhesabu mwezi mzima kwanza, kisha unasubiri kama wiki moja, ndipo unalipwa. Wanaotoka Housing Benefit wanaongezewa wiki mbili za kodi bila kuomba na bila kurudisha, lakini hazifiki mbali. Unaweza kuchukua malipo ya mapema, ambayo hayana riba, wanakukata kidogo kidogo hadi miezi 24. Wenzangu kazini walichukua kiwango cha juu wakaishi na makato miaka miwili. Mie nilichukua pauni 300 tu, za kuziba kodi, na chakula nikakitoa kwenye akiba ya Idd.

Jambo lililonisumbua hasa lilikuja baadaye, na sikulikuta limeandikwa kwenye barua yoyote niliyopokea.

Mwajiri wangu analipa kila baada ya wiki nne, siku ya Ijumaa. Universal Credit inahesabu kwa mwezi, na mwezi wangu unaanza tarehe 9 na kuisha tarehe 8. Wiki nne ni siku 28, mwezi, ukiacha Februari, una 30 au 31, kwa hiyo siku yangu ya mshahara inarudi nyuma karibu kila mwezi, kama Ramadhani inavyorudi nyuma kila mwaka. Mwaka una mishahara 13, lakini miezi 12. Lazima mwezi mmoja uangukiwe na mishahara miwili. Kwangu ilikuwa Ijumaa ya tarehe 10 Januari 2025 na Ijumaa ya tarehe 7 Februari. Kompyuta ikaona pato langu limekuwa maradufu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa mzazi anayesaidiwa kodi, sehemu ya kwanza ya mshahara haiguswi. Kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 411 kwa mwezi. Inayozidi hapo, kila pauni moja unapunguziwa msaada senti 55. Mshahara wangu baada ya makato ni kama pauni 900. Ukiingia wa pili ndani ya mwezi uleule, wote mzima unakatwa kwa kiwango hicho: 900 mara 0.55, pauni 495 zinatoweka kwenye malipo ya katikati ya Februari. Kodi ya nyumba haipungui kwa sababu wewe umelipwa Ijumaa mbili.

Tax Credits zilikuwa zinatazama pato la mwaka mzima, mishahara 13 au 12 haikuwa na tofauti. Zilikuwa na ubaya wake, kwa sababu mwaka ukiisha ungeweza kuambiwa ulizidishiwa na sasa unadaiwa. Sizililii. Hata hizo senti 55 ni nafuu, maana kabla ya mwisho wa 2021 zilikuwa 63. Lakini aliyetunga hesabu ya mwezi alimfikiria mtu wa ofisini anayelipwa tarehe moja kila mwezi, na huyo si mfagizi wala mlezi wa wazee.

Mama wanne walishalifikisha suala linalofanana na hili mahakamani, na Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki. Kanuni ikabadilishwa Novemba mwaka huo. Mabadiliko yaliwahusu wanaolipwa kwa mwezi, ambao mshahara wao huwahishwa kwa sababu ya wikiendi au sikukuu. Sisi wa wiki nne tumebaki palepale.

Kwa hiyo nilikaa na kalenda ya msikiti iliyobandikwa kwenye friji, ile yenye tarehe za Kiislamu na za kizungu pamoja. Nilizungushia Ijumaa zangu zote kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari kila tarehe 8. Palipokuwa na duara mbili kati ya mistari miwili, pale ndipo penye shimo. Nilipotazama mbele nikaona Februari 2026 inarudia: tarehe 9 Januari na tarehe 6 Februari.

Nilichokielewa kwenye ile kalenda ni kwamba huo mshahara wa 13 sijawahi kuuona. Unakuja kwa matone, siku mbili tatu mapema kila mwezi, na unaishia kwenye viatu vya skuli na umeme. Kinachokatwa, kinakatwa kwa mara moja. Dawa ilikuwa kukusanya kwa matone pia. Pauni 495 gawa kwa miezi 12 ni kama 41. Kuweka pauni 41 kila mwezi kwenye akaunti yangu siwezi, najijua, mtoto akiomba ya safari ya skuli nitazitoa. Kwenye kibati, ule mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, huwezi kuzitoa.

Tuna kibati cha wanawake kumi, mama wa watoto wa madrasa, pauni 50 kila mwezi. Kila mwezi mmoja wetu anapokea mkono wake, pauni 500. Kilipoanza upya Mei 2025 nilimpigia kijumbe wetu, anayekusanya fedha na kupanga zamu.

"Bimkubwa, mie naomba mkono wa mwisho, wa Februari."

"Mwanangu, watu hugombea wa kwanza. Lakini mwaka huu wa mwisho unakutana na Ramadhani, nimeshaombwa na wawili."

Nikamwendea na kalenda yangu. Aliitazama muda, akauliza kodi yangu inatoka lini. Tarehe 16, nikamwambia. "Basi futari inaweza kusubiri," akasema, na akawapigia wale wawili mwenyewe. Mmoja alinuna kidogo, mpaka alipozungushia Ijumaa zake akakuta naye ana shimo, ila lake ni la Oktoba.

Kwa mama yangu ilikuwa ngumu zaidi. Alisikia kwa dada kwamba nina mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja, akapiga kuuliza habari ya bati la jikoni. Nilimweleza mara ya kwanza, mara ya pili. "Yaani wakikulipa zaidi wanakunyang'anya?" Ndio, mama, karibu hivyo. "Sasa bati?" Bati nilituma Aprili.

Kipo kitu kingine ambacho kalenda haikukitibu. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa 2018, na mtoto wa tatu aliyezaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2017 hakuhesabiwa kwenye msaada, hasara ya karibu pauni 293 kwa mwezi kwa mwaka 2025/26. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kuondoa kikomo hicho kuanzia Aprili 2026. Siku hiyo chumba cha chai kazini kilikuwa na kelele.

Kwa anayetaka kufanya kama mie: mstari wa mwezi wako upo kwenye ukurasa wako wa Universal Credit, uchukue tarehe hapo, usikisie. Unayelipwa kila wiki, tafuta miezi yenye Ijumaa tano, ni kama minne kwa mwaka. Wa kila wiki mbili, tafuta yenye mishahara mitatu, ni kama miwili. Na kama malimbikizo ya kodi yameshaanza, omba fedha ya kodi ipelekwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Ukipiga simu na Kiingereza kinakwama, dai mkalimani.