Fungu la dada yetu

Kila mtu akianza kuongea Uislamu na haki za binadamu anakimbilia Saudia. Eti Desemba 1948 kule Paris nchi 48 zilikubali lile Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, Saudia haikukubali. Ni kweli, ile ya mtu kubadili dini haikuipenda, ila siku hiyo hiyo Pakistani ilisema ndiyo, na waziri wake wa mambo ya nje, Zafrulla Khan, akalitetea kwa Kurani yenyewe (najua, mtaniambia alikuwa Ahmadiya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalikubali, haya). Mimi sitaki kwenda mbali hivyo, niko Bukavu, Kongo, na shida yangu ni parseli, kiwanja cha marehemu baba hapa Kadutu.

Tuko wavulana watatu na dada mmoja. Wiki hii tulikaa na imamu kugawa, na baba wakubwa wakatoka Walungu na mila yao, binti harithi udongo, ataolewa, kwisha. Imamu akafungua sura ya Nisaa akawafunga mdomo: gawa nane, mama moja, dada moja, wavulana mbili mbili. Nilifurahi kabisa, juu bila Kurani dada angetoka mikono mitupu. Wanaosema dini yetu inamunyima mwanamke haki waje kwanza waone mila.

Lakini sasa kaka zangu wakaishia hapo hapo wakicheka. Sheria ya familia ya Kongo, ya 1987, inasema watoto wote sawa, hakuna aliyeitaja. Na lile fungu mbili la mwanaume si zawadi, masheikh wenyewe wanafundisha linaenda na mzigo wa kulisha wanawake wa nyumba. Nani amelisha mama miaka yote hii? Dada, na maharagi yake sokoni, wakati kaka mkubwa hata simu hapigi. Aya ya fungu wanaijua kwa kichwa, ya kulisha imewapotea. Kule Tunisia rais Essebsi alipendekeza usawa wa urithi mwaka 2018, akafariki mwaka uliofuata na sheria haijapita, kwa hiyo hata kwa wenzetu kitu hiki ni moto.

Nikamwambia dada nitamkatia kwenye fungu langu, dini haikatazi. Akaniangalia vibaya. "Kaka, sikuomba sadaka, nataka iandikwe ni yangu." Nilikosa jibu. Kesho anaenda kuona avoka, mwanasheria, nitamsindikiza, na kaka mkubwa bado hajajua.